Ngitili ya Minza

Shinyanga,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Minza, shoga yangu,

Usicheke. Najua ungecheka ukiniona, mimi niliyekuwa nikikusumbua kwamba barua isiyo na kumbukumbu namba si barua, nimekaa ukumbini kwetu naandika karatasi isiyo na namba wala nakala, namwandikia mtu asiye na sanduku la posta. Cheka basi, halafu unisikilize. Kesho nasafiri na mama yako kwenda Dar es Salaam, na kabla sijapanda treni lipo jambo nililopaswa kukuambia miaka kumi iliyopita. Mama yako ameshalisikia. Wewe ndiye uliyebaki.

Nianze na Idara. Ndiyo, Idara yetu, Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, pale tulipokuwa wasichana wawili katikati ya wanaume ambao kila wakitaka chaki walitutazama sisi. Wameamua kuchagua wahitimu wao waliotia fora na kutundika picha zao kwenye ule ukumbi mwembamba tulikokuwa tukisubiria matokeo huku wewe ukitafuna michembe, viazi vikavu vya kwenu, kutoka kwenye mkoba, mbele za watu, bila haya. Barua ilinifikia mwezi wa nne. Wamenichagua mimi. Sababu yao: wakati wa watu kuhamia vijijini, kijiji kimoja upande wa Kishapu kilipangwa kwa busara, malisho yake yakahifadhiwa, na ukame ulipokuja mifugo yake ikapona wakati vijiji vya jirani vilibaki na ngozi tu. Na mpangaji, Afisa Mipango wa wakati huo, alikuwa Ndugu Zuhura. Mimi huyu.

Kusema kweli nilifurahi. Sitaki kukudanganya, nimeshakudanganya vya kutosha. Nilifurahi siku mbili nzima, nikawaonyesha watu barua ile mpaka pembe zake zikachakaa. Bwana mkubwa wetu mkoani aliniambia kwamba nikirudi na heshima ile, nafasi ya ukurugenzi iliyo wazi haitakuwa na mjadala. Nikashona gauni. Siku ya tatu nikakukumbuka, Minza, na gauni likanibana.

Wewe unajua kilichotokea, lakini niandike nilivyokiona mimi, maana ule upande wangu hukuwahi kuusikia.

Mkuu wetu wa wilaya alitupa majuma matatu kutafuta mahali pa vijiji vipya katika tarafa yako. Wewe Katibu Tarafa, mimi ofisi ya wilaya na ramani. Nilikuja na Landrova mwezi wa pili, mvua imekolea. Mwalimu wetu wa utawala si alitufundisha tuandike tulichokiona kwa macho yetu wenyewe? Basi nikaona. Nikaona eneo kubwa, tambarare, majani mpaka kiunoni, hakuna ng'ombe, hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna hata njia ya miguu. Nikaandika kwenye daftari: ardhi isiyotumika. Nikaweka rula, nikachora Kijiji Namba Nne, mistari minane ya nyumba, shule katikati, ghala la pamba pembeni. Nilijiona nimemaliza kazi mapema na nikapita kwenu kula wali.

Ilikuwa ngitili. Mtoto wa Kishapu wa miaka sita angeniambia. Inafungwa mvua zikianza, majani yakue, na mnyama hagusi mpaka kiangazi kishike na kwingine kote kumekwisha. Mimi nilikwenda wakati ule ambao kukaa tupu ndiyo kazi yake. Mtoto wa mjini, nimekulia nyuma ya duka la marehemu baba, ng'ombe nawajua wakiwa buchani. Na wewe siku ile uliniambia, mdomo umejaa wali: "Zuhura, pale pana wenyewe. Pale ni ghala, ila halina paa." Nikadhani unatetea ndugu zako. Wallahi, nikadhani hivyo.

Ukaandika barua rasmi kuomba muda. Nikakujibu rasmi. "Ndugu Katibu Tarafa, unaelekezwa." Ukaandika tena. Kumbe wakati barua zikienda na kurudi wewe ulishakwenda na wenyeviti na kamba, mkapima nyumba kwenye ukingo, zikaizunguka ngitili pande tatu kama watu wanaoota moto, na katikati mkaacha majani yenu. Nilipofika mwezi wa saba na ramani yangu nikakuta kijiji kimesimama, watu wameshaezeka, na hakifanani na mstari wangu hata mmoja. Wanaume wa msafara wakaanza kucheka chinichini. Mmoja akaniuliza kama ramani niliishika juu chini.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ukifika kwenye sentensi hii, shika kitu.

Nilirudi ofisini nikaandika dokezo, nikaliweka kwenye jalada la siri, kwenda kwa mkuu wetu. Nalikumbuka neno kwa neno: "Katibu Tarafa huyu ni mzito wa utekelezaji. Ana huruma iliyozidi kwa watu wa kwao. Anafaa kupelekwa mahali asikojulikana." Chini jina langu na sahihi. Juma la tatu ukapata uhamisho, magharibi kabisa ya Kahama, kule kwenye machimbo ya dhahabu unakokaribia kuiona Geita.

Ukaja kuniaga. Ukasema, "Sijui nani kaniotea ndoto mbaya huko juu." Na mimi, Minza, mimi nikasema, "Hawa wakubwa ndivyo walivyo." Nikakusaidia kufunga godoro lako kwenye lori. Nikavuta kamba kwa mikono miwili, nikalifunga fundo vizuri.

Basi. Nimeandika. Nimekwenda kunywa maji, nimerudi.

Sijui kama ulijua. Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Barua zako kutoka machimboni zilikuwa za kunichekesha tu: jinsi wachimbaji walivyogombea duara moja, shimo lao la dhahabu, na wewe ukashuka ndani kwa kamba, na mabuti ya mpira yanayokupwaya, ukapime nani kachimba upande wa nani, wakaogopa zaidi kukupoteza kuliko kupoteza mwamba. Jinsi ulivyokataa kuamua kesi yoyote ofisini. "Hapa watu wanatoka kila pembe, hakuna wa kwetu," uliandika, "kwa hiyo nimewafanya wote wa kwetu." Nilisoma mstari ule nikachomwa. Sikujua kama umenitupia mimi au ni wewe tu na maneno yako.

Na hospitali ya Kolandoto, mwaka jana. Nilikaa kitandani pako kila Alhamisi, majuma matano. Ulikuwa umekonda, sauti imebaki ile ile. Ukaniuliza sabuni inapatikana wapi siku hizi, sukari inapatikana wapi, nani kaolewa. Kila Alhamisi nilitoka nyumbani nimejiandaa kusema. Kila Alhamisi ulinichekesha kabla sijafungua mdomo, nami nikalipokea lile chekesho kama mtu aliyeponea chupuchupu. Alhamisi ya sita nikakuta kitanda kimetandikwa. Nilikuwa na muda, Minza, huo ndio ukweli. Sikunyimwa muda.

Sasa nikwambie yaliyobadilika, maana hii si barua ya kulia tu.

Mwezi wa saba Idara ilimtuma mwalimu mmoja, Ndugu Haule, mtu mpole mwenye kipara na fomu nyingi, aje kuona kazi ya mhitimu wao na kunipiga picha. Nikampeleka kijijini. Ungeona! Shule ina madarasa manne ya tofali za kuchoma. Kila nyumba ina mti, hata kama ni mmoja. Tumefika ndiyo siku ya kuifungua ngitili, ng'ombe wamepangwa kwa zamu kwa kaya, wanawake wamekaa kivulini wanapiga soga, na yule Shija wa maneno mengi, uliyekuwa ukimwita redio, sasa ndiye mwenyekiti na hajapungua hata neno moja. Akatupokea, akatukalisha, akamwambia mgeni kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Karibuni kwenye ngitili ya Minza!"

Haule akachukua kalamu. "Minza ni nani?"

Wanakijiji wakanitazama. Walidhani nitajibu kwa furaha, maana wanajua ulikuwa shoga yangu. Na mimi nikasema, "Ni jina la mahali tu."

Shija, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinyamaza. Hakuniumbua. Angeweza, na mimi ningestahili. Aliinama akafunga kamba ya kiatu chake, kiatu ambacho, nakuapia, hakina kamba.

Nikapigwa picha, nimesimama mbele ya ng'ombe, natabasamu. Tukaondoka. Tumekwenda kama maili nne nikamwambia dereva asimame. Akadhani nataka kujisaidia, akageuka kutazama upande mwingine, maskini. Nikashuka, nikamwita Haule ashuke, nikamweleza pale pale kando ya barabara, jua la kiangazi kichwani, kila kitu: rula, ramani, wali wako, dokezo. Kwanza alikuwa anaandika, halafu akaacha.

Akaniuliza taratibu, "Dada, unajua nikiandika hivi jina lako linaweza kutoka?"

Nikamwambia, "Litoe. Weka lake."

Loo, usidhani nilikuwa shujaa. Nilipofika nyumbani nilijilaumu mpaka nikakosa hamu ya kula. Majuma sita hakuna barua. Bwana mkubwa akasikia, maana dereva naye ana mdomo, akaniita akaniambia nimejichongea mwenyewe, na hajapata kuona mtu anayefukua jalada la siri ili ajizike ndani yake. Ukurugenzi hajautaja tena. Lakini nitakuambia ajabu moja: nilianza kulala. Usingizi mzito, wa kukoroma, mpaka watoto wakalalamika.

Kisha barua ikaja. Idara wamekubali. Wahitimu waliotia fora mwaka huu, na wa tatu kwenye orodha ni wewe, Minza, jina lako kamili, na maneno haya: "Kwa kuona kilichopo." Ni Haule huyo, nina hakika. Kuhusu mimi wameandika kwamba suala langu "litafikiriwa wakati mwingine". Nilicheka peke yangu ofisini. Unaijua hiyo lugha. Tumeiandika wenyewe mara ngapi.

Wakasema apokee mtu wa karibu wa marehemu. Na hapo shoga yako akaishiwa ujanja, maana wa karibu ni mama yako, mama yako hasemi Kiswahili, na kama Idara wangemsomea habari zako Dar es Salaam, angesikia habari ya dokezo kupitia mkalimani, kwa mara ya kwanza, mbele ya wageni. Ilibidi asikie kutoka kwangu. Kuliko vyote, hili ndilo lililonitia hofu. Idara wangenifuta tu kwenye karatasi. Mama yako ni yule anayeniwekea maziwa tangu tukiwa chuoni, anayeniita mwanangu wa mjini.

Nilikwenda Jumamosi iliyopita, na kanga mbili na kipande cha sabuni. "Mwangaluka, mayu," nikasalimia. Akanicheka, maana ilikuwa alasiri na hiyo ni salamu ya asubuhi. Akaniletea matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga, akakaa kwenye kigoda chake, akaendelea kupepeta mtama. Wifi yako akataka kunitafsiria. Mama yako akakataa, akasema, "Mwache aseme mwenyewe."

Kisukuma changu unakijua. Nilikwenda nacho hivyo hivyo, nikichechemea, nikirudi nyuma, nikiomba neno. Nilipofika kwenye uhamisho wako aliacha kupepeta. Hakunitazama. Akauliza, "Hiyo karatasi inasemaje?"

Nikamwambia inavyosema.

"Rudia."

Nikarudia. Mzito. Huruma iliyozidi. Mahali asikojulikana. Kuku alikuja kwenye ungo, mama yako akainuka akamfukuza, akarudi kukaa. Nilitamani anipige. Nilikuwa nimemkaribia kusudi, kama angetaka.

Kisha akasema, polepole ili mimi nimwelewe: "Siku tunamzika zilikuja malori mawili. Wanaume wazima wana udongo mpaka masikioni, wanalia kuliko sisi. Sikuwajua hata mmoja. Walitoka wapi hao?"

Nikasema, "Machimboni, mayu."

"Huko huko asikojulikana?"

Nikalia, Minza. Nililia mpaka wifi yako akaondoka kwa aibu. Mama yako hakuniambia ninyamaze na hakuniambia amenisamehe. Amenisamehe au la, sijui, na sikumuuliza; si mimi wa kumharakisha. Nilipotulia alisema kitu kimoja. "Nitakwenda. Ila hiyo karatasi uende nayo. Utaisoma mbele yao, mimi nikiwa nimekaa pale nakuona. Ukimaliza, ndipo nitapokea."

Halafu akauliza treni inaondoka saa ngapi na kama kuna mahali pa kupikia ndani yake.

Basi nimejaza maombi, nimekwenda masjala, nimeruhusiwa kunakili. Karani aliniuliza sababu, nikaandika "matumizi ya familia". Nakala nimeipiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili, maana sikutaka mpiga chapa aione kabla ya mama yako. Nimeikunja, imo kwenye mkoba pamoja na pasipoti saizi yako ile uliyonuna, ndiyo picha pekee iliyopatikana. Watakutundika umenuna hivyo hivyo. Wasichana wa Idara watapita wakiona kuna mwanamke ukutani, amekasirika, na watauliza ulikasirikia nini. Wanasema sasa darasa moja lina wasichana kumi na mmoja. Kumi na mmoja, Minza! Chaki wajichukulie wenyewe.

Na kijijini Shija ameitisha mkutano. Wameazimia kwamba watu wa wilaya wakileta ramani yoyote tena, waje nayo kiangazi, waende kwa miguu, na walale pale siku mbili kabla ya kuchora. Ameniletea azimio hilo ofisini kwa mkono wake, na sura ya mtu asiyekumbuka chochote. Nimeligonga muhuri. Vijiji vitatu vya jirani vimeanza kufunga ngitili zao, vimekuja kuomba niwasaidie kuziandikisha, na nimeshakwenda mara mbili, kwa miguu, na nyayo zimechubuka. Kama watanihamisha, waandike hivyo pia kwenye dokezo lao.

Nakuaga sasa, mama yako anatakiwa kuchukuliwa kabla ya jioni, naye hapendi kusubirishwa, wewe ulimrithi. Mungu akuweke mahali pema, shoga yangu, na kama huko kuna mtu anagawa viwanja, simama naye karibu.

Ahadi yangu ni hii. Nitasimama mbele ya walimu wetu na wakubwa wote watakaokuja, nitafungua karatasi, nitasoma kwa Kiswahili, kisha nitairudia kwa Kisukuma changu kibovu ili mama yako ahakikishe sikuruka kitu. Nitasoma mzito, nitasoma huruma iliyozidi, nitasoma asikojulikana, nitateremka mpaka chini na kulisoma jina la aliyeandika. Kisha nitakaa, na mama yako atasimama.

Wako,
Zuhura